Karatasi Hiyo Utampelekea Nani?

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliotoka Malaba, Busia na Mbale alfajiri, hamjambo.

Namshukuru mshereheshaji kwa kuzima zile spika mbili kubwa. Najua mkutano wa Tororo bila spika ni kama harusi bila pilau. Lakini nilimwambia tangu juzi: zikilia, mimi nashika boda boda narudi Busia, na hotuba ataitoa yeye. Akazima.

Ninasema Kiswahili kwa sababu kwenye viti hivi wamo Wasamia, Wateso, Wajopadhola, Wagisu, Wanubi na Wakenya kadhaa waliovuka asubuhi, na hii ndiyo lugha inayotukalisha benchi moja. Iko na sababu ya pili. Neno usonji, ile hali Waingereza wanayoiita autism, lilinifikia kwa Kiswahili, redioni, nikiwa tayari nina wajukuu. Nyumbani nilikua nikisikia neno la mjinga, la bubu na la aliyerogwa. Nimeitwa yote matatu, ingawa bubu sikuwahi kuwa.

Waandaaji wameniomba nijibu swali moja: mtu mzima anayeshuku kwamba ana usonji, aende akapimwe au aache? Wengi wenu mmekuja kwa ajili ya watoto, na kwa mtoto jibu langu ni fupi: mpelekeni, tena mapema. Mtoto ana shule mbele yake, ana lugha ya kujifunza, ana walimu wa kuelezwa. Suala la mtu mzima ni jingine, na mimi nililizunguka kwa miaka mitatu kabla ya kuamua.

Nianze na kazi yangu, maana mawazo yangu yote hupitia huko. Mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo mpakani Busia. Kwenye kitabu cha ushuru kila bidhaa ina namba. Mitumba ni 6309. Saruji ni 2523. Sukari ni 1701, mahindi 1005, pikipiki 8711. Nazijua namba hizo kama ninyi mnavyozijua nyimbo za kanisani. Na karibu kila sehemu ya kitabu kile, ukishuka hadi chini, utakuta mstari ulioandikwa "nyinginezo". Humo hutupwa kila kitu ambacho mwandishi hakukipatia jina. Mimi utoto wangu wote nilikaa kwenye mstari huo.

Nilizaliwa mwaka 1971, mwaka Amin alipochukua serikali. Nilipoanza shule nilisoma haraka kuliko dada zangu, lakini sikujibu salamu. Hapa kwetu mtoto asiyejibu salamu ana kosa kubwa kuliko mwizi wa maembe. Nilichapwa. Nilipelekwa kwa mganga, nikachanjwa chale mbili hizi hapa mkononi. Hatimaye nikafanya nilichokiweza: nikachukua daftari la hesabu, nikaandika salamu zote. Mulembe kwa Wasamia, jibu lake, swali la pili, jibu lake. Yoga noi kwa Wateso. Wasuze otya kwa Waganda, na hapo piga magoti, hesabu hadi nne, inuka. Nilikariri hadi lini mtu hucheka. Watu wakasema, ah, mtoto amepona.

Sikupona. Nilikuwa nimevaa uso, na uso ule niliuvaa kwa miaka 40.

Msiwalaumu sana walimu wangu. Leo Kanner, daktari wa Baltimore kule Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943. Lakini kitabu kikuu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliupa usonji mstari wake wenyewe mwaka 1980 tu, nami nilikuwa tayari msichana wa miaka tisa mwenye daftari lililojaa salamu. Hata ningezaliwa Baltimore, ningewekwa kwenye nyinginezo.

Kilichonivunja ni jengo. Zamani ofisi yangu ilikuwa kontena dogo kando ya barabara: meza, kompyuta, dirisha moja, na mlango wa kufunga. Madereva walinipa karatasi dirishani. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpaka kikafunguliwa rasmi, Uganda na Kenya chini ya paa moja, na kwa mizigo lilikuwa jambo jema, sina ubishi. Lori lililokuwa likilala mpakani likaanza kupita upesi. Lakini kwangu ilikuwa ni kutoka kwenye dirisha moja hadi kwenye ukumbi: taa nyeupe, simu zinalia, watu 30 wanakusalimu kabla ya saa tatu asubuhi, na daftari langu halina kurasa za kutosha. Nikawa nikifika nyumbani nakaa bafuni gizani. Nikaacha kusema jioni. Namaanisha sauti haikutoka.

Nilikwenda kliniki moja, sitaitaja. Wakanipima presha, wakanipa vidonge vya usingizi. Nikalala vizuri sana, nikaamka na shida zile zile.

Baadaye niliambiwa kwamba jambo hili limeandikwa. Kitabu kile cha Marekani kilirekebishwa mwaka 2013, kikaweka sentensi ambayo ningeifahamu mapema ningejiokolea vidonge: dalili lazima ziwepo tangu utotoni, ila huenda zisionekane wazi mpaka maisha yadai kuliko mtu anavyoweza, au zikafichwa na mbinu alizojifunza. Toleo hilo hilo ndilo lililoingiza pia masikio na ngozi miongoni mwa dalili: mtu kuumizwa na sauti, mwanga, au nguo. Kontena langu lilikuwa limenificha. Daftari pia.

Sasa nilijuaje? Mjukuu wa dada yangu alikuwa haongei. Tukampeleka kupimwa, mimi nikiwa dereva. Mhudumu anauliza: anapenda kupanga vitu? Anaziba masikio? Hukasirika njia ikibadilishwa? Anauliza juu ya mtoto, na dada yangu kila swali ananitazama mimi. Swali la sita dada akashindwa kujizuia, akasema, "Daktari, huyu aliyetuleta naye mtamwandika lini?" Tulicheka wote. Usiku sikulala.

Hapo ndipo miaka mitatu ilipoanza.

Niliogopa vitu viwili, na vilikuwa vinagombana. Niliogopa wakisema ndiyo. Na niliogopa zaidi wakisema hapana, kwamba basi kumbe ni kweli mimi ni mtu mwenye dharau tu, kama mama mkwe alivyosema siku zote. Nimekutana na wengine walionieleza hofu hiyo ya pili, na karibu wote ni wanawake.

Nikajipima mwenyewe kwanza kwenye simu, kama mnavyofanya. Kuna dodoso moja mashuhuri la maswali 50, lilitungwa Cambridge, Uingereza, na Simon Baron-Cohen na wenzake, likachapishwa mwaka 2001. Linauliza kama huwa unaziona namba za magari. Jamani! Mimi nalipwa kuziona namba za magari. Wakala asiyezitazama namba za malori atakufa njaa. Linauliza pia kama ungependa maktaba kuliko karamu. Nilikaa na swali hilo muda mrefu, nikijaribu kukumbuka maktaba iliyo karibu nami. Kwa hiyo nawaambia: maswali yale ni ya kukusukuma ukaulize, hayatoi hukumu, na yalitungwa kwa watu wa mji mwingine. Hapa kwetu Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walifanya kazi ya kurekebisha maswali ya uchunguzi yafae Uganda, wakachapisha mwaka 2014. Kazi njema kabisa, lakini ilihusu watoto wadogo. Sisi wenye mvi bado tuko chini kabisa ya ukurasa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu hiyo niliifanyia taksi. Taksi yetu hubeba abiria 14. Jaza taksi tisa, ni 126, ongeza kondakta mmoja. Kwenye stendi ya Tororo sasa hivi kuna taksi zaidi ya tisa.

Turudi kwenye kuamua. Kazini, mteja akiniambia "nataka karatasi", humuuliza: utampelekea nani? Maana karatasi ya benki si ya forodha, na ya forodha haimridhishi mkaguzi wa ubora. Karatasi isiyo na wa kuipokea ni gharama tupu. Siku moja nilimuuliza mteja hivyo, nikajisikia nikijiuliza mimi.

Nikaanza kuwahesabu wapokeaji. Serikali? Tuwe wakweli. Ukipata jina hili ukubwani, hakuna fungu la kila mwezi litakaloanza kuingia kwenye simu yako. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inayokataza ubaguzi, pia kazini. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyofuta ile ya 1964. Nimezisoma zote mbili, mimi napenda kusoma sheria, ni maandishi yasiyokutaka utabasamu. Zina maana siku mtu akikufukuza kazi na wewe una nguvu ya kwenda kumshtaki. Siku za kawaida zinabaki kabatini.

Mwajiri? Hapa nendeni polepole sana. Mtu akisikia umepimwa na daktari wa akili, hasikii usonji, anasikia wazimu. Butabika kule Kampala ni hospitali ya magonjwa ya akili, imefunguliwa tangu 1955, imewatibu watu wengi, lakini kwenye midomo yetu jina lake limekuwa tusi. Usonji si wazimu, wala si ugonjwa wa kutafutiwa dawa. Haya kayaelezeni kwa shemeji anayetaka kipande chenu cha ardhi na anatafuta sababu ya kusema hamna akili timamu. Mimi nimewaona mashemeji wa namna hiyo. Karatasi ukishaitoa mezani huwezi kuirudisha mfukoni, na Busia ni mji mdogo.

Mchungaji, ukoo, majirani? Nilipita haraka. Hapana.

Wakabaki wawili. Mume wangu, na mimi.

Hao walinitosha, nikaamua kwenda kupimwa. Daktari alitaka pia shahidi. Kipimo cha damu hakipo, wala picha ya kichwa haionyeshi. Ni mazungumzo marefu, wanakutazama unavyozungumza, wanauliza utoto, na wanapenda kumsikia mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Kwa mtoto, mama yupo pale. Kwa sisi, mama mara nyingi yuko kaburini. Wangu yuko kaburini. Nikaenda Nagongera kwa mama mdogo, nikamkuta anachambua kunde.

"Mama, nilikuwa mtoto wa namna gani?"

"Wa kusumbua," akasema, hata hakuinua kichwa. Halafu akaanza. "Mwaka 1979 watu wanakimbia bunduki. Mama yako ana mtoto mgongoni na godoro kichwani. Wewe umekaa chini unapanga kete za bao. Nne nne, nne nne. Tunakuvuta, unapiga kelele kwamba mashimo hayajajaa. Baba yako akakubeba wewe na ubao wako mpaka kwenye mihogo, na huko nako ukaendelea kupanga."

"Na sweta ya shule?"

"Usinikumbushe sweta. Tulidhani ina siafu."

Akachambua kunde kidogo, akauliza kwa nini nachimba mambo ya zamani. Nikamweleza kama nilivyoweza. Akanyamaza muda mrefu.

"Na hao wakikupa hilo jina, mimi nitakuita nani?"

"Utaniita vile vile, Mama."

"Basi nenda."

Niliyaandika yote kwenye daftari, nikamsomea daktari. Nawaambia wenye wazee walio hai: hata kama hamjaamua kupimwa, kawaulizeni sasa. Yule bibi hayupo tena, na bila kete zile daktari angekuwa anapapasa gizani.

Nilikwenda mara tatu Kampala, na gharama yote ilikaribia ada ya muhula mmoja wa mtoto wa sekondari. Wengine waanzie karibu. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Mbale si mbali. Uliza moja kwa moja: kuna mtu hapa aliyewahi kumchunguza mtu mzima kwa usonji? Akisema hakuna, mshukuru, mwombe akuelekeze. Usikubali kuandikiwa dawa kwa sababu tu umeshafika. Na anayekuuzia "tiba ya usonji", awe na joho jeupe au na mafuta ya upako, mkimbie.

Walisema ndiyo. Nililia kwenye taksi kuanzia Mukono hadi karibu na Lugazi, kisha nikapata njaa, tulipofika Jinja nikanunua rolex mbili, zile chapati za mayai.

Mume wangu nilimpa karatasi jikoni. Ni mtu wa maneno machache, alikuwa dereva wa malori. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Kwa hiyo usiponitazama nikiongea…" Nikasema, ndiyo, ndipo ninapokusikia vizuri zaidi. Miaka 26 alidhani namdharau. Nami miaka 26 nilidhani anapiga redio kwa sauti ya juu ili kuniudhi. Mtafiti mmoja Mwingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa mwenye nao. Mume wangu hajamsoma Milton. Alihamisha redio, akaipeleka barazani, na siku hizi akitaka kuniambia jambo zito hunikuta nikikunja nguo.

Kazini nilimwambia bosi kwamba taa za ukumbini zinaniumiza kichwa, naomba kufanyia kazi chumba cha nyuma. Akakubali. Sikutaja usonji, na hakuhitaji kuujua. Hilo lingewezekana hata bila kupimwa, nakiri. Lakini kabla ya karatasi nisingethubutu kuomba. Ningejiambia jikaze.

Sasa sikilizeni na upande wa pili. Kaka yangu mkubwa ni mvuvi wa mukene, yaani dagaa, huko Majanji. Yeye ni mimi, ila ana ndevu. Anakula peke yake, ana kikombe chake, ukikihamisha kikombe unaharibu wiki yake. Nilipomshauri akapimwe alinitazama pembeni ya sikio, kama kawaida yetu, akasema, "Mukene hawaniulizi kwa nini siwatazami machoni." Huvua usiku kwa taa, na wenzake wawili chomboni ni watu wa kimya kama yeye. Mchana hulala. Maisha yake ameyakata kwa kipimo chake bila kumuuliza daktari yeyote. Angempelekea nani karatasi? Nilichofanya ni kuwaeleza wanawe waache kumvuta kwenye harusi. Wakaacha. Yeye hakupimwa na amefaidika na kupimwa kwangu.

Hata yule mtu wa kwanza kabisa kwenye maandiko ya Kanner, Donald Triplett, aliishi mji mdogo wa Forest, Mississippi, hadi alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki, aliendesha gari, alisafiri nchi nyingi. Jina alikuwa nalo tangu utotoni, lakini mji wake ndio uliomzoea. Niongeze, maana husahaulika, kwamba benki yenyewe ilikuwa ya familia ya mama yake. Ukiwa na benki, watu hukuzoea upesi.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, nani aende? Aende yule anayetibiwa mwaka wa pili kwa huzuni au wasiwasi na dawa hazifiki mahali. Aende anayefikiria kujiua kwa sababu amechoka kujifanya, na huyo aende leo, asisubiri hotuba iishe, na amwambie daktari hilo kwanza kabla ya usonji. Aende ambaye ndoa au kazi inamponyoka na hajui kwa nini. Anayetaka karatasi ili amshinde mama mkwe kwenye ubishi, namshauri akae na pesa yake. Nilijaribu. Mama mkwe alisema, "Hata mimi ningelipa, wangeniandikia."

Na ambaye hana uwezo, au hataki, asome, ajitazame, azime spika zake. Polisi wa kukuuliza cheti kabla hujaziba masikio hawapo.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Amefanya vizuri, nisingejua. Sitabaki kwenye picha ya pamoja. Nitakuwa nje, chini ya ule mwembe ulioko upande wa mwamba. Anayetaka kuniuliza aje mmoja mmoja, asinipe mkono, na asikasirike nikiwa naangalia majani.